Kulisomea Jua: Chagua Swali Kabla ya Kuchagua Chuo

Kila mwaka vyuo vikuu vyetu hutoa wahitimu wa fizikia na hisabati, na miongoni mwao wapo wanaotamani kulichunguza jua maisha yao yote. Wengi wao wakishapata cheti hufanya jambo lile lile: hutafuta orodha ya vyuo bora duniani, huchukua majina ya juu, kisha huanza kujaza fomu. Kwa fani nyingine huenda njia hiyo ikafaa. Kwa fizikia ya jua humpotezea mwombaji muda, fedha na moyo.

Sababu ni kwamba fani hii ni ndogo, na karibu hakuna chuo chenye idara inayobeba jina lake. Imetawanyika. Katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, wanaolichunguza jua wako upande wa hisabati. Montana State, katika mji wa Bozeman nchini Marekani, wako idara ya fizikia. Hawaii wako taasisi ya astronomia. Michigan wako idara iliyo chini ya uhandisi, inayoshughulikia tabianchi na anga za juu. Wakati huo huo, vipo vyuo vinavyosifika dunia nzima ambavyo havina hata mhadhiri mmoja wa fani hii. Ukipokelewa huko utaishia kusomea galaksi au chembe za atomu, kwa kuwa ndiko wasimamizi waliko, hata kama moyo wako uko kwingine.

Kwa hiyo nashauri mpangilio huu: swali litangulie, lifuatwe na data zinazoweza kulijibu, kisha mtu anayezijua data hizo, na jina la chuo lije mwisho. Nazungumzia hapa jua kama nyota. Anayetaka paneli na umeme wa jua ana njia yake nyingine, ya uhandisi wa nishati, na asome tangazo la ufadhili kwa makini asije akaomba kisicho chake.

Jua ni moja, maswali ni mengi

Uso wa jua una joto la takriban nyuzi 5,500 za Selsiasi. Juu yake kuna korona, lile tabaka la nje linaloonekana wakati jua limepatwa kabisa, na humo joto linapita nyuzi milioni moja. Inakuwaje tabaka lililo mbali zaidi na kiini liwe na joto kali kuliko lililo karibu? Wanasayansi wanalijadili jambo hili tangu miaka ya 1940, na bado hawajakubaliana. Ukivutwa na swali hili, jiandae kwa hisabati nzito ya plazma na uga sumaku, ile ambayo Hannes Alfvén aliiwekea msingi mwaka 1942 na kupata nayo Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Vikundi vya St Andrews, KU Leuven nchini Ubelgiji na Chuo Kikuu cha Oslo vinajulikana kwa kazi hiyo. Oslo hulijenga jua ndani ya kompyuta kubwa, tabaka kwa tabaka, na mwanafunzi wa huko hutumia siku nyingi akiandika programu kuliko akitazama darubini.

Wapo wanaovutwa na milipuko. Tarehe 1 Septemba 1859 mwanaastronomia Richard Carrington aliona mwako wa ghafla juu ya madoa ya jua, na muda mfupi baadaye mitambo ya telegrafu ikavurugika Ulaya na Amerika. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya jua ilizima umeme katika jimbo zima la Quebec, Kanada, kwa saa kadhaa. Anayetaka kujua nishati hiyo hujikusanya vipi na hufyatuka kwa sababu gani aangalie Montana State, Glasgow, na New Jersey Institute of Technology. Chuo hiki cha mwisho kinaendesha darubini ya mita 1.6 iliyoko Big Bear, California, pamoja na antena za redio zinazolisikiliza jua huko Owens Valley.

Kundi la tatu ni la wanaotaka kuingia ndani. Uso wa jua hupanda na kushuka kila baada ya dakika tano hivi, na mitetemo hiyo hutuambia yaliyomo ndani jinsi mitetemo ya ardhi inavyowaambia wajiolojia yaliyo chini ya miguu yetu. Taasisi ya Max Planck iliyoko Göttingen, Ujerumani, Chuo cha Stanford na Chuo cha Birmingham vimejikita hapo. Birmingham ina mtandao wa vituo duniani, na kimojawapo kiko Sutherland, Afrika Kusini.

La nne ni upepo wa jua, mtiririko wa chembe ambao mwanafizikia Eugene Parker aliutabiri mwaka 1958 na wakaguzi wa makala yake wakaukataa. Chombo kilichopewa jina lake kilirushwa mwaka 2018, na tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita takriban milioni 6.1 tu kutoka usoni mwa jua. Berkeley na Princeton zina vifaa ndani ya chombo hicho. Imperial College London ina kifaa cha kupima sumaku ndani ya Solar Orbiter, chombo cha Ulaya kilichorushwa mwaka 2020. Michigan na New Hampshire nazo ni nyumba za zamani za utafiti huu.

La tano ni athari za jua hapa duniani, yaani hali ya anga za juu. Hili nitalirudia, kwa sababu linatugusa sisi wa ukanda wa ikweta moja kwa moja.

Usiharakishe kupita hatua hii. Soma makala moja ya mapitio kwa kila kundi, kisha jipime: ni ipi uliyoimaliza ukataka nyingine? Shahada ya uzamivu ni miaka mitatu hadi sita ya kuamka na swali lile lile. Swali ulilochagua kwa sababu ya sifa ya chuo halitakufikisha mwaka wa tatu.

Uliza data zinatoka wapi

Tasnifu katika fani hii husimama juu ya kimojawapo kati ya vitu vitatu: nadharia, kompyuta, au vipimo vya darubini na vyombo vya angani. Kwa hicho cha tatu, jihadhari sana na kifaa ambacho bado hakijaanza kazi. Wazo la chombo cha India cha kulichunguza jua, Aditya-L1, lilianza mwaka 2008. Chombo chenyewe kilirushwa tarehe 2 Septemba 2023. Mwanafunzi ambaye angeitegemea tarehe ya kwanza ya mradi kama huo angezeeka akisubiri. Hata kifaa kinachofanya kazi kinaweza kupata ajali: mwaka 1998 chombo cha SOHO kilipotea kwa wiki kadhaa kabla ya mafundi kukirejesha.

Data zilizokwisha kukusanywa, kwa upande mwingine, ni hazina. SOHO kilikusudiwa kudumu miaka miwili tu, lakini kimekuwa kikilitazama jua tangu mwishoni mwa 1995. Setilaiti ya SDO, iliyorushwa Februari 2010, hupiga picha za korona kila baada ya sekunde 12, na picha zake ni huru kwa yeyote mwenye intaneti. Mradi wenye data za aina hiyo hausimami kwa sababu kifaa kipya kimechelewa.

Hesabu pia mzunguko wa jua wenyewe. Madoa huongezeka na kupungua kwa kipindi cha miaka 11 hivi, na Oktoba 2024 wanasayansi walitangaza kwamba jua limefikia kipindi cha kilele. Anayeanza uzamivu sasa atakuwa katikati ya tasnifu wakati jua limetulia. Kama unataka milipuko, hakikisha mradi una kumbukumbu za miaka ya kilele, usiitegemee milipuko ijayo. Kama unataka ncha za jua na chanzo cha mzunguko, huu ni wakati wako: mwaka 2025 Solar Orbiter ilituletea picha za kwanza za ncha ya kusini zilizopigwa kutoka nje ya tambarare ambamo sayari huzunguka.

Msimamizi ni zaidi ya jina

Ukishajua swali na data, watu hujitokeza wenyewe. Ingia kwenye hazina ya makala za astrofizikia ya NASA, iitwayo ADS, ambayo haina malipo, utafute makala za miaka mitatu iliyopita. Usiishie kwenye jina la profesa. Tazama nani ametajwa wa kwanza. Kama wanafunzi wake ndio wanaotangulia katika makala, huyo anakuza watu. Kama jina lake mwenyewe ndilo la kwanza kila mara, uliza kwa nini.

Kisha mwandikie. Barua iwe fupi, aya tatu: wewe ni nani na umesoma nini, ni makala gani yake uliyosoma na ni jambo gani ndani yake ungependa kulifuatilia, na kama anatarajia kuchukua mwanafunzi mwaka ujao na ana fedha za kumlipa. Usimsifu kupita kiasi, na usitume barua moja kwa maprofesa arobaini kwa kubadilisha majina. Watu wa fani hii wanafahamiana, na barua kama hizo hutambulika mara moja. Asipojibu, subiri wiki mbili au tatu, mkumbushe mara moja, kisha endelea na mwingine. Ukimya wao mara nyingi ni wingi wa kazi na haumaanishi dharau.

Akijibu vizuri, omba kuzungumza na wanafunzi wake wa sasa, na kama inawezekana na mmoja aliyekwisha kumaliza. Waulize maswali ya wazi. Hukutana na msimamizi mara ngapi? Waliotangulia walimaliza kwa miaka mingapi, na sasa wanafanya kazi wapi? Fedha za utafiti zinaisha lini? Swali hili la mwisho wengi huona haya kuliuliza, kumbe ni la haki. Kituo cha Rosseland cha fizikia ya jua huko Oslo, kwa mfano, kilianza mwaka 2017 kwa ufadhili maalumu wa vituo vya ubora, na ufadhili wa aina hiyo una ukomo. Hilo halikifanyi kibaya hata kidogo. Ni kikundi bora. Lakini mwombaji ana haki ya kujua nani atamlipa mwaka wa tatu.

Jambo jingine linalowapita wengi: baadhi ya mahali bora pa kulisomea jua si vyuo, na hapatoi shahada. Taasisi ya Max Planck ya Göttingen ina shule ya uzamivu inayoshirikiana na vyuo, na shahada hutoka chuoni. Kituo cha taifa cha darubini za jua cha Marekani, kinachoendesha darubini ya mita nne juu ya mlima Haleakalā huko Hawaii, kina makao yake Boulder, Colorado. Mwanafunzi husajiliwa Chuo Kikuu cha Colorado na kufanya utafiti kituoni. Taasisi ya Astrofizikia ya India, Bengaluru, nayo hushirikiana na vyuo. Ukitafuta vyuo peke yake, sehemu hizi hutaziona.

Mifumo ya nchi na suala la fedha

Marekani humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja kwenye uzamivu, miaka mitano au sita, miwili ya mwanzo ikiwa ya madarasa na mtihani wa kufuzu. Mwanafunzi wa fizikia kwa kawaida halipi ada. Hupewa posho kwa kufundisha maabara au kwa kusaidia utafiti. Idara nyingi zimeacha kudai mtihani wa GRE, lakini soma masharti ya kila moja. Maombi hufungwa Desemba na Januari, na vyuo vingi vimekubaliana kwamba mwombaji asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Itumie nafasi hiyo kulinganisha. Tahadhari kwa waliosoma Tanzania na Uganda, ambako shahada ya kwanza ya sayansi mara nyingi ni miaka mitatu: baadhi ya vyuo vya Marekani hudai minne. Uliza kabla ya kulipa ada ya maombi. Na hiyo ada nayo unaweza kuomba usamehewe.

Ulaya bara uzamivu hudai kwanza shahada ya uzamili. Norway huihesabu nafasi ya uzamivu kuwa ajira, yenye mshahara na tangazo la kazi, hivyo hakuna msimu mmoja wa maombi. Unapaswa kuangalia matangazo mwaka mzima. Lakini tangu 2023 Norway inawatoza ada wanafunzi wa uzamili wanaotoka nje ya Ulaya, basi usichanganye hizo mbili. Ujerumani taasisi za utafiti humpa mwanafunzi wa uzamivu mkataba wa kazi, na shirika la DAAD lina ufadhili wa uzamili na uzamivu unaofahamika sana kwetu.

Uingereza uzamivu ni mfupi, miaka mitatu na nusu hivi, na mradi huwa umeandikwa tayari. Tangu 2021 ufadhili wa serikali yao uko wazi kwa wageni, lakini kwa sehemu ndogo ya nafasi, na pengo la ada lazima lizibwe na mtu. Uliza chuo kama kinaliziba. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola ni mlango mwingine kwa Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda.

Kuhusu posho, nasema kwa uwazi kwa kuwa najua familia zetu. Mhitimu ndiye tegemeo. Wadogo wanasubiri ada, na wazazi wanasubiri dawa. Posho ya uzamivu imepimwa kwa mtu mmoja kupanga chumba, kula na kupanda basi. Kabla ya kusaini, tafuta kodi ya chumba katika mji husika, kwani Boulder na Göttingen si sawa, kisha kaa na wazee nyumbani uwaeleze ukweli. Ahadi iliyotolewa kwa furaha uwanja wa ndege imewaelemea vijana wengi wakiwa ugenini. Na kama wewe ni mwajiriwa wa chuo au serikali, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi na usome masharti ya kurudi kazini kabla ya kukata tiketi.

Usiruke Afrika

Wengi huona kwamba kubaki barani ni kushindwa. Nawasihi wafikiri upya. Afrika Kusini ina programu ya taifa ya astrofizikia na sayansi ya anga, NASSP, iliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo imewaandaa vijana kutoka nchi nyingi za Afrika. Chuo cha North-West, Potchefstroom, kina historia ndefu ya utafiti wa miale ya kosmiki na jinsi jua linavyoizuia. Hermanus, kando ya bahari, kuna kituo cha SANSA, shirika la anga za juu la Afrika Kusini, kinachofuatilia hali ya anga za juu mchana na usiku na kutoa tahadhari kwa bara zima. Karibu zaidi, Chuo cha Mbarara nchini Uganda kina watafiti wa ionosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, na Kigali kuna taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki inayoshirikiana na kituo cha ICTP cha Trieste, Italia.

Na hapa ndipo lile swali la tano linarudi. Katika ukanda wa ikweta, baada ya jua kuzama, ndani ya ionosfia huibuka mapovu makubwa yanayovuruga mawimbi ya GPS na mawasiliano ya setilaiti. Jambo hili haliwezi kuchunguzwa vizuri kutoka Oslo. Lazima vipimo viwekwe hapa, chini ya anga letu, na watu wa kuvisoma wawepo hapa. Mwanafunzi wa Afrika Mashariki anayeshika swali hilo anachangia kitu ambacho vituo vikubwa vya kaskazini vinakihitaji, na ujuzi wake una kazi nyumbani: usafiri wa anga, upimaji wa ardhi, simu.

Uzamili barani kisha uzamivu ng'ambo ni njia nzuri mno. Humpa mwombaji makala moja, msimamizi wa kumwandikia barua yenye uzito, na jibu kwa vyuo vinavyoitilia shaka shahada ya miaka mitatu.

Anza kabla hujapokelewa

Huhitaji ruhusa ya chuo chochote kuanza. Jifunze Python, kisha SunPy, programu huria iliyotengenezwa na wanasayansi wa jua wenyewe. Pakua picha za SDO za siku moja, tuseme tarehe 10 Mei 2024, dhoruba kubwa kuliko zote tangu 2003 ilipoifikia dunia, ufuatilie kundi la madoa lililohusika. Andika ulichoona kwa kurasa tano. Kurasa hizo zitakusaidia kuliko sentensi kumi za kudai una shauku. Upande wa masomo, imarisha sumakuumeme, mienendo ya viowevu na takwimu. Alama zako katika masomo hayo ndizo msimamizi atakazozitafuta kwanza.

Kwa kalenda, jipe mwaka mzima. Kati ya Januari na Mei soma na uchague swali. Juni hadi Agosti fanya kazi yako ndogo ya data na uombe hati za matokeo chuoni, maana hati hizo huchelewa. Septemba na Oktoba waandikie wasimamizi, na wakati huo huo wape walimu wako watatu taarifa zote za barua za mapendekezo: wasifu wako, zile kurasa tano, na tarehe za mwisho. Mwalimu aliyepewa siku mbili ataandika kwamba ulikuwa na nidhamu. Aliyepewa wiki sita ataandika ulivyofikiri. Novemba hadi Januari tuma. Chagua sehemu tano au sita unazozijua kwa undani badala ya ishirini ulizozisikia.

Kabla ya kulipa ada ya maombi popote, chukua karatasi ujaribu kukamilisha sentensi hii: nataka kujua jambo gani kuhusu jua, kwa data zipi, chini ya nani, na analipa nani. Nafasi nne zikijaa bila kubabaika, tuma maombi hata kama jina la chuo halijulikani mtaani kwenu. Ikibaki moja wazi, hiyo ndiyo kazi ya wiki ijayo, ada isubiri.